Mzee Aliyependa Wafaransa

Langley Park, Marekani, Jumanne jioni, 1998

Sasa hivi mwanangu Salma amempaka uji kidevuni yule mzee wa kwenye kitabu changu cha uraia. Ndevu nyeupe zimempendeza, maskini.

Leo mwalimu ametuambia mzee huyo alikuwa mmoja wa viongozi wa mwanzo wa Marekani, na aliwapenda Wafaransa mpaka wengine wakamwita msaliti. Akatuuliza sisi tunaonaje.

Nikanyoosha mkono, mimi niliyeishia darasa la saba! "Mwalimu, mtu akiolewa haachi kuwapenda wa kwao. Mimi mimba yangu ya kwanza nilirudi Tanga kujifungulia kwa mama, nikakaa siku arobaini. Na mume wangu nampenda."

Mama Wanjiku, mwanafunzi mwenzangu, Mkenya anayehudumia wazee, akapiga makofi. "Waambie, dada!"

Kumbe nilikuwa najijibu mwenyewe. Nikifaulu mtihani wa uraia wa Marekani Alhamisi nitaapa kwamba utii wangu ni wa hapa tu, na naogopa kama vile namkana mama.

Mwalimu akacheka. "Lakini wapinzani wake walidai alimnong'oneza balozi wa Wafaransa siri za serikali."

Nikashusha mkono polepole. Mama kule Tanga nimemwambia mpaka mume wangu, Baba Salma, anavyokoroma.

Basi nimeamua. Nitaapa, na Tanga nitaipenda vilevile. Ila siri za nyumba hii mama hatazisikia tena, isipokuwa ile ya Baba Salma kuunguza wali mpaka kengele ya moshi ikawatoa majirani nje, maana hiyo... Huyo ananiita jikoni. Anauliza eti mchele unatiwa kabla maji hayajachemka au baada!