Mafuta ku Midomo

Evere, Bruxelles

Yaya Nabintu, tulioachiana ziwa la mama,

Jambo sana, na jambo ya pili juu ya deni ya ile ya kwanza. Miguu inaendelea aje? Na presha, ungali unakunywa dawa ya hospitali ama umerudia tena majani ya jirani? Bukavu mvua inanyesha ama inatisha tu? Huku mimi niko muzima, tumbo inatembea mbele yangu sawa mulinzi wa gavana. Mama Furaha naye iko salama, angali anatunza wazee wa watu ku maison de repos, na anakusalimia. Mutoto wetu Furaha anaendelea na masomo yake kule Liège, anatupigia simu akikosa chumvi.

Nakuandikia karatasi juu ulikataza sauti za WhatsApp. Ulisema zinakula mega na zinafika kwa wakwe mbele ya kufika kwako. Bon. Barua hii iko mukononi mwa Pasteur wetu, anakuja Bukavu kuzika shangazi yake. Yule atakayekusomea, asome pole pole, na pahali pa kucheka asitangulie mukubwa.

Yaya, najua huko kuna watu wanasema Deo wa Ulaya anafagia tu. Ni kweli nafagia, lakini waulize nafagia wapi. Ni ku mnara wa ofisi pembeni ya stesheni ya treni ya Gare du Nord, vioo toka chini mpaka mawinguni. Siku ya ukungu, mimi nikipitisha kitambaa, marubani wa ndege pale Zaventem wanapata njia ya kutua. Hawajakuja kunishukuru, lakini muntu anajua kazi yake.

Shida yangu ilikuwa moja tu: saa. Sisi wa usafi tunaingia asubuhi wenye ofisi wangali wanakoroma, tunarudi nyumbani, kisha tunaingia tena jioni wakisha kutoka. Hapo katikati nilikuwa nakaa nyumbani natazamana na friji, juu Mama Furaha anafanya kazi mchana. Jioni yeye anashuka ku bus, mimi napanda ile ile. Kama kuna mvua ananipa mwavuli, kama hakuna ananipa habari. "Sombe iko ku sufuria." "Aksanti." Mulango unafunga. Ile ndiyo ilikuwa ndoa yangu, Yaya: mwavuli moja, watu wawili, na chauffeur anapiga honi.

Alors, tukasikia kuna nafasi ya chef d'équipe, mukubwa wa kikundi chetu. Kazi ya mchana. Jioni uko ku meza yako. Madame Greet, Muflama, Mubelge wa kaskazini anayetuongoza, bado kijana lakini macho iko wazi, akasema atachagua mumoja kati yetu, ila kwanza wote tupite formation.

Hiyo formation siku hizi iko kila pahali hapa, ku kazi na ku masomo ya watoto. Wanafundisha watu namna ya kuishi pamoja, weusi na weupe, wanaume na wanawake, wa msikiti na wa kanisa, nani alionewa na nani alipendelewa bila kujua. Kuna wanaosema ni dawa, kuna wanaosema ni siasa imepewa meza na kahawa. Ku kanisa yetu walibishana juu yake mpaka sambusa zikapoa.

Ku kazi, wabishi walikuwa Luc na Hamadi. Luc ni Mubelge mweupe, muzaliwa wa hapa hapa, amefanya usafi tangu ujana. Hamadi ni Murundi wa Buyenzi pale Bujumbura, Mwislamu, rafiki yangu wa kufa na kuzikana ijapokuwa hana heshima. Siku hiyo tulikuwa tunavaa nguo za kazi ku chumba cha ndoo.

"Sasa wataniambia mimi ndiye mubaya," Luc akasema. "Baba yangu alikufa na vumbi ya makaa ku mapafu. Mimi nilionea nani?"

"Hakuna aliyekutaja," Hamadi akamujibu. "Lakini wewe ukiingia kwenye lift na ndoo yako, wanakwambia bonjour. Mimi nikiingia, wanashika mikoba."

"Ni juu ya sura yako."

"Basi formation yenyewe ni hiyo, Luc. Umeshaimaliza, nenda nyumbani."

Wakanigeukia niamue. Nikawaambia, sawa mwami kwenye kiti, kwamba Luc ana haki na Hamadi ana haki. Hamadi akasema mimi niko kama viti vya hapo ofisini, anayenikalia naelekea upande wake. Niliona ni wivu.

Siku ikafika. Walituweka ku douzième étage, ghorofa ya kumi na mbili, ku salle ya mikutano tunayoipangusa kila siku. Viti vile nimevisugua sana, sikuwa nimekalia hata kimoja. Ni laini, lakini vinakimbia. Luc alikaa, akajikuta ku mulango.

Mwalimu alikuwa musichana wa umri wa Furaha, nywele zambarau upande moja. Akaomba tumuite Maëlle tu, bila Madame, juu wote tuko sawa. Nikamuitika, "Ndiyo, Madame Maëlle." Mimi nililelewa.

Akatuambia tusogeze meza, tusimame mustari moja ku ukuta wa nyuma. Yeye atasoma maneno. Kama ni kweli kwako, piga hatua mbele. Kama si kweli, baki. Mwisho tutatazama nani yuko mbele na nani yuko nyuma, na tutaongea kwa nini.

Yaya, nisikie "nani yuko mbele", na Madame Greet amesimama ku mustari ule ule anatutazama, donc nikajua ni mashindano ya kazi. Mutoto wa mama yetu abaki nyuma?

Akasoma: nyumbani kwenu kulikuwa na vitabu. Nikapiga hatua. Tulikuwa na Biblia, na Biblia iko na vitabu zaidi ya sitini ndani. Nilipiga moja tu juu ya unyenyekevu.

Akasoma: familia ilikuwa na mutu wa kusaidia kazi za nyumba. Hatua. Watoto wa Baba Mukubwa walikuwa wengi pale, na wewe mwenyewe ulikuwa unanifulia.

Akasoma: familia ilikuwa na mali, shamba ama mifugo. Hapo sikupiga hatua, niliruka. Maëlle akauliza kama nataka kuwaeleza wenzangu kidogo. Nikawaeleza kilima chetu, na ng'ombe zetu mia mbili zikirudi jioni, vumbi inafunika jua. Najua utasema ilikuwa moja, na ilikuwa ya Papa Cizungu, sisi tulimuchungia tu. Yaya, muzungu atapanda ndege kuja kuhesabu?

Kutoka nyuma nikasikia sauti ya Hamadi: "Deo, na hao ng'ombe sasa hivi umewaacha na nani?"

"Na watumishi."

Akasoma: polisi hawajawahi kukusimamisha bila sababu. Hatua. Ni kweli polisi wa gare wananisimamisha mara kwa mara na kuomba karatasi, lakini sababu iko: wanapenda kuongea na mimi.

Kisha akasoma: hukuwahi kulala njaa.

Yaya, unakumbuka Mama, zile siku sufuria ililala kifudifudi? Mbele ya kututuma barabarani, alikuwa anachovya kidole ku kopo ya mafuta ya mawese, anatupaka ku midomo, wewe na mimi, ili majirani waone tunang'aa na wafikiri tumekula nyama. "Njaa ni ya ndani ya nyumba," alikuwa anasema, "haina viatu vya kutoka nje." Sasa mimi nitasimama ku douzième étage niivalishe viatu? Mama angetoka kaburini kule Kabare, bila visa, aje anichape mbele ya Madame Greet. Nikapiga hatua kubwa, hata nikajilamba midomo.

Hivyo hivyo mpaka paji langu likagusa kioo. Chini naona treni za Gare du Nord zinatambaa sawa jongoo. Nikageuka. Madame Greet yuko katikati. Nyuma kabisa, ku ukuta, Luc na Hamadi wamesimama bega kwa bega sawa watu waliokosa bus. Na mbele, peke yake, ni mimi.

Maëlle akatazama karatasi yake, akanitazama mimi, akatazama tena karatasi. "Monsieur Déo," akasema, "hii ni mara ya kwanza."

"Nimezoea kuambiwa hivyo, Madame."

Luc akacheka mpaka akashika ukuta. "Mumetafuta mupendelewa siku nzima, ni yule pale. Mumunyang'anye ndoo."

Nilijua kazi ni yangu. Kulibaki swali moja, na Maëlle alilisoma haraka, sawa muntu anataka kwenda kula: jioni unakulaka na watu wa nyumbani kwako.

Madame Greet akapiga hatua. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakuna mwingine aliyesogea. Kikundi kizima kimebaki nyuma yake.

Na mimi pia sikusogea. Lakini mimi niko ku kioo, Yaya. Mbele hakuna pahali pa kukanyaga tena. Wote walifikiri Deo angepiga hatua, ni kioo tu kimemuzuia. Ningeweza kunyamaza, ikapita hivyo, jibu zuri bila mimi kusema neno. Mwavuli ulikuwa unaning'inia ku mukono wangu, ungali na maji ya mvua ya asubuhi, Mama Furaha alikuwa amenipa jana yake ku bus. Nikaona meza yetu ya Evere, na sahani moja.

Njaa ya Mama nilikuwa na ruhusa ya kuificha, yeye mwenyewe ndiye alinifundisha. Lakini Mama Furaha hakunituma nimupake mafuta.

Nikatoka ku kioo. Nikampita Madame Greet, nikapita katikati ya watu wote, mpaka ku ukuta wa nyuma, nikasimama kati ya Luc na Hamadi.

"Hiyo mimi sina," nikasema.

Hamadi akanisogezea nafasi. "Karibu nyumbani, tajiri," akaniambia pole pole.

Sasa watu wakaongea, na waliongea kweli. Luc akasema mumeona, shida si rangi, ni saa za kazi. Hamadi akamuuliza, basi tazama ukuta huu wote, nani anapewa saa hizo? Luc akatazama, akajikuna, akasema hata hivyo yeye pia yuko ku ukuta huo huo. Hamadi akasema sijakufukuza. Maëlle aliacha karatasi yake akasikiliza, na Madame Greet anatazama viatu vyake tu.

Majuma mawili yakapita, Madame Greet akaniita. "Monsieur Déo, chef ni Hamadi. Wewe na mashamba yako, na watumishi, na ng'ombe, tuliona nafasi iende kwa muntu ambaye hajapata nafasi mbele."

Nikamuambia amefanya vizuri, na kwamba ni mimi nilikuwa njiani kuja kumushauri hivyo. Kisha nikaenda kupangusa vioo kwa muda mrefu. Kulikuwa na ukungu mwingi, ndani.

Lakini ile swali ya mwisho Madame Greet hakuisahau. Alienda kuongea na wenye ofisi, na sasa étages tatu zinafanyiwa usafi mchana, watu wakiwa ku kazi yao. Hamadi ndiye alipewa kuchagua mutu. Akanijia ku chumba cha ndoo.

"Mzee, nimekupangia mchana."

"Juu ya urafiki wetu," nikasema.

"Urafiki gani? Watu wa ofisi wakisikia hadithi zako siku nzima, hakuna atakayekumbuka kushika mkoba tena. Watashika masikio."

Donc kwa ufupi, Yaya, kama watu wanauliza: Deo ndiye alimupatia Hamadi cheo, na Deo ndiye alibadilisha saa za kazi za Bruxelles.

Jioni ya kwanza Mama Furaha alipika nyama na fufu. Tukasimama ku meza sawa wageni, juu hatukujua nani anakaa upande gani. Nikaanza kula. Akanitazama.

"Unakulaka mbio hivi? Nani anakufukuza?"

"Bus."

Akaanza kucheka. Akasema, "Baba Furaha, niambie basi hiyo formation. Kwenu ng'ombe zilikuwa ngapi?"

"Mia tatu."

"Hamadi alinipigia simu, anasema ulitaja mia mbili."

"Ilikuwa mwezi uliopita. Zimezaa."

Alicheka mpaka akaweka tonge chini na kupangusa macho. Mwavuli ulikuwa ku mulango, mukavu. Nikamutazama midomo, Yaya. Ilikuwa inang'aa mafuta, na hakuna aliyemupaka.

Sasa nisalimie shemeji, bwana wako, umuambie kiatu alichoomba nimekiona ila mguu wake ndio hawajautengeneza huku. Salimia Mama Mudogo Mwamini aliyenilea nilipougua surua, na kaka Baguma wa ku soko, na mutoto wako Riziki, azidi kusoma. Ku kaburi ya Mama, ukienda, usimuambie mambo ya ile ukuta wa nyuma. Muambie tu nilikuwa mbele.

Na jirani yetu Papa Cizungu, kama angali hai, umusalimie kwa heshima zote. Umuambie asihangaike: ng'ombe yake huku Ulaya inaendelea vizuri sana.

Ni mimi mudogo wako, mwenye kushiba jioni,

Deogratias