Pale Sindano Ilipokuwa Ikiruka

Mpendwa Bibi,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Naimba. Mimi ambaye skuli nikiitwa jina nilikuwa naitika "naam" kama ninayeomba radhi, naimba peke yangu chumbani kwako, mlango nimeufunga. Tena naimba maneno mawili tu.

Unayajua. Ni yale yaliyokuwa yakirukwa na sindano ya gramafoni.

Nilikuwa mdogo siku ulipoiharibu ile sahani ya santuri. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, kanzu ya Babu imetandazwa juu ya kitenga, chetezo chini yake kinatoa moshi wa udi. Ukaona sahani yako uliyoipenda kuliko zote nayo inastahiki kufukizwa, ukaisimamisha karibu na makaa. Babu akatoka kuoga.

"Bi Zuhura, na hiyo inakwenda msikitini?"

"Kwani yenyewe haina pua?" ukamjibu.

Ilipopoa, ukingo wake ulikuwa umevimba kama chapati juu ya chuma. Babu alicheka mpaka akakaa chini. Ulinuna mchana kutwa, kisha ukaipiga hivyo hivyo. Fidla zikalia, yule mwimbaji akaanza, na katika ubeti wa kwanza sindano ikafika kwenye uvimbe, ikaruka. Papo hapo, huku unachambua mchele, ukayaimba wewe yaliyorukwa: "Sijachoka kukungoja." Hata kichwa hukuinua. Sahani ikaendelea kama kwamba mlishapatana.

Ikawa ndiyo desturi. Kwa miaka nilidhani kila wimbo huachiwa nafasi ya mwenye nyumba.

"Iko siku utanipokea hapo, mke mwenzangu," ulikuwa ukiniambia, kwa ule utani wako wa bibi na mjukuu. Nami nikicheka, nikiuficha uso kwa mtandio.

Baada ya khitma yako, Ami Haji alileta mtu anayenunua vitu vya zamani, ana duka Mji Mkongwe.

"Santuri haifi, Shekhe," alimwambia Ami. "Wageni wanazitafuta upya. Nyingine wanazipiga, nyingine wanazitundika ukutani."

Nilikuwa mlangoni na sinia ya kahawa. Nilitaka kusema gramafoni iachwe. Nikawamiminia kahawa. Yule mnunuzi aliichukua, pamoja na sahani zote nzima. Ile yako aliitazama kwenye mwanga, akairudisha. "Hii mbovu."

Ami si mtu mbaya. Alinikuta jikoni nalia, akadhani nalilia nyimbo.

"We mtoto we! Zote nshakutilia kwenye simu. Tena safi, haziruki."

Na kweli haziruki, Bibi. Kwa mara ya kwanza nilimsikia yule mwimbaji akiyasema mwenyewe maneno yale. Ana sauti nzuri kuliko yako, wallahi. Nikaizima simu. Pale palikuwa pako, na sasa pamezibwa, hapana hata ufa.

Watu wanabishana kama santuri zitarudi au simu zimeshazimaliza. Mimi naamini zitarudi. Pengine zitaishi kuliko simu yangu hii, ambayo ina nyimbo nyingi kuliko nitakazowahi kuzisikiliza. Lakini zitarudi kwa nani? Zako zinakwenda kwa watu wasiojua kwa nini zinanukia. Na hii moja niliyobaki nayo haina pa kupigiwa. Naiweka chini ya mto. Nikiinusa, udi bado upo, ila unapungua, na siwezi kuufukiza upya bila ya kuufuta ule wako.

Kwa hiyo nafanya hivi. Naupiga wimbo kwenye simu, na ukifika pale naurusha mbele kwa kidole, kama ilivyokuwa ikifanya sindano. Kisha nayaimba mimi. Sauti yangu nyembamba, inatetemeka, na kila nikimaliza nakaa kidogo kusikiliza, kama kwamba utaniambia nimechelewa au nimewahi.

Jana Mama aligonga mlango. "Nani anaimba humo?"

Nikamwambia ni simu.

Nimemaliza skuli, Bibi, na hukuwepo. Nyumba nzima haina wa kuniita mke mwenzake. Mungu akunawirishie kaburi lako. Na hili la kuimba lifiche, kama nilivyokufichia kwa Babu nani aliyemaliza halua. Usimwambie mtu.

Mjukuu wako,
mke mwenzio