Msamaha Ulioniandikia

6 Mei

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Natumaini kifua chako kimetulia na kwamba unavaa fulana ndani, maana baridi haiangalii vyeo vya mtu. Mimi mwili ni mzima. Magoti yanalalamika, lakini kwa shuka za hospitali nilizofua, yasipolalamika yatakuwa si magoti yangu. Roho ndiyo si nzima, na aliyeiumiza ni wewe.

Baba yako amerudi. Naandika amerudi utadhani alitoka kununua sabuni, kumbe ni miaka ishirini na tisa. Jumanne nimetoka kazini, nikamkuta mlangoni amekaa juu ya begi lake, kitabu chako cha insha mapajani. Nikamuuliza, "Umepotea njia?" Akasema, "Mama Profesa, nimerudi nyumbani. Najua ulishanisamehe." Nikamuuliza nani kamwambia. Akafungua kitabu akanionyesha mstari kwa kidole, kama mwalimu. Mvua ikaanza, nikamwingiza ndani kama ninavyoingiza nguo. Sasa analala kwenye kochi.

Niliishia darasa la nne lakini kusoma najua, polepole. Zile insha za mbele, za historia ya shule na fikra za watu wa kale, sikuzielewa sana, nilijivunia tu. Hii ya subira nimeielewa. Umeandika, "Mama yangu hakuwahi kumlaani mwanaume aliyemwacha na mtoto. Alimsamehe bila neno, na katika ukimya wake nimeiona falsafa nzima ya watu wetu."

Mwanangu, nilisamehe lini? Huo ukimya ulioukuta nilikuwa nimebana vibanio vya nguo mdomoni. Mtu mwenye vibanio mdomoni hasemi, lakini usidhani hana la kusema.

Baba yako mkubwa ameitisha kikao cha familia mwisho wa mwezi, na kitabu ndicho shahidi wao. Wanataka mdogo wake atoke kwenye kochi aingie chumbani. Chumba changu, ninacholipia mimi. Niandikie karatasi moja tu useme si kweli. Nitaisoma mwenyewe mbele yao.

Kula vizuri.

Mama yako

15 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimetulia na fulana navaa, hata leo. Pole na magoti.

Barua yako niliisoma nimesimama. Mama, insha si cheti. Anayeandika insha haandiki maelezo ya polisi. Anayachukua maisha ya mtu na kuuliza yanatufundisha nini. Mle kitabuni wewe si wewe peke yako, umesimama kwa niaba ya kina mama wengi. Watu wamelia kwa ukurasa ule. Kuna chuo wanaufundisha. Nikiandika kwamba si kweli, insha inaanguka, na insha ile ndiyo iliyokibeba kitabu chote.

Halafu baba amezeeka. Miguu imemvimba, hawezi kwenda mbali. Ukimwachia kochi unapungukiwa nini? Mwenzio akitukanwa hukasirika. Wewe nimekusifu, umekasirika. Naomba ulifikirie hilo kabla ya kikao.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu,

Salamu. Natumaini u mzima. Na mimi ni mzima. Hasira ingekuwa inaua, ningekuwa nimeshazikwa na matanga yameanuliwa.

Karatasi yako niliingoja mpaka asubuhi ya kikao. Haikuja. Baba yako mkubwa akavaa miwani, akasoma ukurasa wako kwa sauti ya kutangaza msiba. Wote wakatikisa vichwa kukubali. Nikasimama nikasema, "Mimi sijasamehe." Akanijibu, "Shemeji, imeshachapishwa."

Wakacheka, tena kwa upole, wakaniangalia kama mgonjwa aliyesahau jina lake. Mmoja akasema, "Mwanao ni msomi, anakujua kuliko unavyojijua." Na baba yako pembeni, amefumbata mikono, mnyonge wa Mungu. Nikawaambia nina zamu, nikatoka. Kikao wamekiahirisha, wanasema nipewe muda wa kukumbuka.

Nikufundishe kitu cha kazini kwetu. Shuka lenye doa la damu hulipigi pasi kabla ya kulifua. Ukilipiga pasi linanyooka, linapendeza kwa mbali, kumbe doa umelipika humo humo, halitoki tena. Ndicho ulichonifanyia.

Mimi nilikulea kwa hasira. Ndiyo iliyoniamsha alfajiri. Ndiyo iliyokulipia ada. Uji uliokunywa ulikorogwa kwa hasira, na ulishiba, ukaomba mwingine. Sikumlaani mbele yako kwa sababu ulikuwa mtoto na alikuwa baba yako. Usiku nilimlaani mpaka nikaishiwa, nikaanza upya. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya, wewe ukaifuta ukaandika subira. Heri ungeandika kwamba nilikuwa mwizi. Mwizi angalau anaulizwa kama ni kweli.

Na jambo moja. Mimi sikukuandikia habari za miguu yake. Umejuaje kwamba imevimba?

Mama yako

11 Juni

Mama,

Shikamoo. Nilianza barua hii mara nyingi nikachana. Basi naanzia kwenye miguu.

Nimemwona. Alinitafuta mwaka juzi, kitabu bado sijakimaliza. Tulikuwa tunakutana mkahawani karibu na chuo. Alilia, halafu akanichekesha. Mama, anacheka kama mimi, mpaka lile la kujipiga paja. Sikuwahi kujua nimelitoa wapi.

Nikamsamehe. Kisha nikakukumbuka na mikono yako iliyochubuka kwa sabuni, nikaona nimekusaliti. Nilipokaa kuandika nilitaka kuandika "nimemsamehe", nikashindwa. Nikaandika "mama alimsamehe". Usiku huo nikalala vizuri.

Kitabu nilimpa mimi. Sikumwambia aje kwako, lakini aliponiambia anakuja sikumzuia.

Chapa ya pili inaandaliwa. Niambie niandike nini, nitaandika hivyo hivyo.

Mwanao

18 Juni

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Kifua je? Miye magoti ni yale yale.

Nimesoma barua yako kwa kidole, nikairudia. Nimekasirika sana. Kumsamehe baba yako ni haki yako. Damu ni damu, haina sabuni. Ungeniambia ningenuna wiki nzima, halafu ningeuliza huko mkahawani anakula nini. Lakini wewe umeuzaa msamaha wako, ukaja kuutupa mlangoni kwangu kama mtoto wa paka, ukakimbia.

Uandike nini, mimi nijue wapi? Andika ulichofanya wewe. Mimi niache na vibanio vyangu.

Baba yako ameondoka leo asubuhi kwa basi. Hatukugombana. Nimemfulia mashati nikayapiga pasi, nikamfungia chakula cha njiani. Akaniuliza, "Sasa unanipeleka wapi?" Nikamwambia, "Kwa aliyekusamehe." Akajipiga paja akacheka, halafu akaona mimi sicheki.

Baba yako mkubwa alikuja mbio kunikemea. Nikamwambia, "Shemeji, safari imeshakatiwa tiketi."

Anwani yako nimeiandika kwenye kitabu chenyewe, pembeni ya mstari ule ule, asije akapotea tena. Chini yake nimeongeza neno moja, Sijasamehe. Nimetumia wino wetu wa kazini, ule wa kutia alama kwenye shuka. Tunazichemsha shuka zile kila siku na wino haufutiki. Hao wanaoandaa chapa ya pili uwaonyeshe ukurasa huo.

Atafika kesho jioni, na barua hii naituma kwa ndege ili imtangulie. Ngazi hawezi kupanda haraka, kwa hiyo usimwache peke yake. Anakoroma. Mto mmoja haumtoshi.

Ukichelewa stendi utamkuta amekaa juu ya begi lake. Kama mvua inanyesha, mwingize ndani.

Mama yako