Kreti ya Mzee Sadoki

Rumonge, Alhamisi

Dada Zainabu,

Shikamoo. Naanza na Mama: ule mguu wake umepungua kuvimba, au bado anaficha dawa chini ya mto akidhani hamumwoni? Na shemeji, kifua kimemwachia? Watoto sina wasiwasi nao, maana wanao wangeumwa kelele zingefika huku ng'ambo. Mimi ni mzima wa mwili. Mgebuka napata, ugali wa muhogo napata, nalala ndani ya neti. Roho ndiyo imechafuka. Nina kinyaa, dada, na huku sina wa kumwambia, kwa sababu wale ambao ningewaambia ndio wanaonitia kinyaa.

Siku naondoka Ujiji ulinibishia mpaka mlangoni. Ulisema nakwenda kutetea wafanyakazi katika nchi niliyotolewa nikiwa mgongoni. Nikakujibu kwamba kwetu ni kwetu. Basi leo una ruhusa ya kucheka, lakini soma kwanza.

Tangu mkoa wetu uunganishwe na mingine, wakubwa wa hapa hawatulii. Makao yamehamia mbali, viti vimepungua, na kila mwenye tumbo anatafuta pa kulikalisha. Zamani mkubwa ulimwona kwa dirisha la gari. Siku hizi utamkuta kwenye ubatizo asubuhi, maulidi jioni, na katikati kapitia msiba wa mtu asiyemjua jina. Hodari wao ni Mzee Sadoki. Ana michikichi kando ya barabara ya kwenda Magara, ana kinu cha kukamulia mawese, na sasa anataka kiti. Anajiita baba wa wanyonge, na kweli wanyonge anao, kwa sababu anawatengeneza mwenyewe.

Nestori ni mkwezi wake. Ni mtu wa makamo, mrejea kama mimi, alikulia kambini upande wa Kasulu. Mkewe Joselina anachambua chikichi kwenye kinu hicho hicho. Nilimjua Nestori alipokuja kwenye sendika yetu, chama cha wafanyakazi, kuomba tuwasemee wakwezi wapewe kamba mpya, maana zile za Sadoki zimeoza. Tuliwasemea. Sadoki akasema atafikiria.

Huku Jumamosi asubuhi raia wote tunatoka kwa kazi za pamoja: kuzibua mitaro, kufyeka kando ya barabara, kusomba mawe ya shule. Ni desturi nzuri na mimi hubeba jembe langu kama wengine. Jumamosi ile tulipangiwa mtaro unaopita kwenye shamba la Sadoki. Akaja mwenyewe na buti mpya, akaomba watu wapunguze makuti yanayoinamia barabara. Haya. Nestori alipofika juu, Sadoki akapaza sauti kwamba maadamu yuko huko, aangushe na ile mikungu iliyoiva. Mkungu wa kwanza ulianguka. Wa pili ulianguka pamoja na Nestori.

Nyonga imevunjika. Daktari wa hapa alisema anahitaji kupasuliwa, la sivyo hatatembea tena. Nikaenda kwa Sadoki nikiwa na adabu zote nilizofundishwa na Mama. Alikuwa anakula.

"Huyu siku ile hakukuwa kwangu," akaniambia. "Ilikuwa kazi ya Leta. Hata mimi nilikuwa pale na jembe, si uliniona?"

Leta ndiyo serikali. Nikaenda huko. Karani akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Leta haina muchikichi hata moja," akasema. "Rudi kwa mwenye shamba."

Yaani Jumatatu mpaka Ijumaa Nestori ni mkwezi wa Sadoki, Jumamosi ni raia mwema, na akianguka si wa mtu. Nikafungua malalamiko kwa inspekta wa kazi. Nilitaka neno moja tu liandikwe, kwamba Nestori ni mfanyakazi wa Sadoki, maana likiandikwa hilo Sadoki hana budi kumpeleka Bujumbura akapasuliwe. Tukapewa siku ya kukutana, nikafurahi kama mjinga.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa Magara na akina mama wanaoanika ndagala, dagaa wenu huko. Niliporudi nikapita kwa Nestori kumjulia hali, nikakuta uani chupa zimetapakaa na kreti tupu imeegemezwa ukutani. Sadoki alikuwa amekuja kumpa pole mgonjwa. Alikuja na shefu wa kilima, yaani mkubwa wa kitongoji, alikuja na kreti ya bia na soda, na kubwa kuliko yote, alikuja na rais wa sendika yetu, yule yule aliyenifundisha mimi maana ya mgomo. Walikaa, wakafungua, wakanywa, Sadoki akasimama na chupa mkononi akasema maneno mazuri ya ujirani.

Nilimfuata rais nyumbani kwake. Hakuniangalia.

"Nilikunywa kama jirani, Yusufu. Sikukunywa kama rais."

Dada, mimi sikuelewa uzito wa kunywa huko mpaka tulipokaa mbele ya inspekta. Nimesimama na sheria zangu, nimezipanga vizuri, Sadoki hakubisha hata moja. Akasema tu, "Tulishakunywa." Inspekta, kijana mpole wa tai, akamgeukia Joselina.

"Mama, mulikunywa?"

"Tulikunywa. Mugeni akileta, utamurudisha namna gani?"

Ikawa imekwisha. Inspekta akafunga faili kwa upole ule ule. Nilipandisha sauti, nikasema soda haiungi mfupa. Shefu wa kilima akanishika bega kama anayemtuliza mlevi.

"Weye ulikulia Tanzania, hii mambo hauielewe. Watu wakikunywa pamoja, kesi iko imekufa."

Mila hiyo naiheshimu. Imezima ugomvi wa mipaka, imerudisha wake kwa waume, imezuia damu isimwagike. Ndiyo maana nina kinyaa. Sadoki angeng'oa mchikichi wa mtu usiku ningemwita mwizi, tukamalizana. Yeye kachukua kitu ambacho watu hawa wanakiamini kuliko mahakama, akakifanya mtego, akautega kwenye nyumba ambayo haiwezi kumrudisha mgeni.

Jioni ile nilikwenda kwa Nestori kumwomba radhi. Analala chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Alinisikiliza, kisha akasema polepole:

"Mimi sikunywa, Yusufu. Hakuna mutu alinifikia. Nilikuwa nasikia tu vizibo vinaanguka."

Mchana kutwa tulikuwa tumebishana habari ya kunywa na kutokunywa, na mwenye nyonga hakuulizwa na mtu, hata mimi mtetezi wake sikumwuliza. Asubuhi nikakimbilia kwa shefu na habari hiyo. Akanijibu kwamba mke akinywa, nyumba imekunywa.

Kumbe kulikuwa na baya zaidi. Sikukuu ya wafanyakazi ni kesho kutwa. Sadoki atakaa jukwaani na wakubwa, wakwezi wataandamana na fulana alizowagawia, na jana alituma watu wamwambie Nestori kwamba watakuja na kiti wambebe, akamshukuru Mzee mbele ya halaiki. Asipokuja, Joselina asisumbuke kurudi kwenye kinu. Rais wetu ndiye atakayesoma hotuba. Mimi fulana nimeletewa pia, nimefutia baiskeli.

Nilidhani Joselina atalia. Alikunja kanga zake mbili, akafunga sufuria, akasema, "Mimi nilikunywa, mimi nitamubeba." Mwenye boti la mizigo ni mtu wetu, amekubali kuwavusha ziwa.

Nisalimie Mama, mwambie naswali. Msalimie shemeji, mama mkwe wako na ukali wake, na wanao wote mpaka yule wa mwisho asiyenijua.

Sasa nyanyua macho. Huyo mama aliyekuletea barua ndiye Joselina. Nilimwomba asiseme kitu mpaka umalize, kwa sababu ungesikia habari za mgonjwa ungetoka mbio, na mimi nilitaka mtu mmoja wa kwetu ajue yote kwa ukamilifu. Nestori yuko mwaloni kwenu, boti lilipomshusha, amelazwa juu ya magunia, pikipiki hawezi kuikalia. Tangu ule ugonjwa wa Mama wauguzi wote wa hospitali ya huko wanakufahamu. Chukua kitanda cha kamba na wanaume wanne wa mtaani, dada, umteremkie. Na ukifika, kabla hujamwinua, muulize yeye mwenyewe kama anakubali.

Mdogo wako,
Yusufu