Tiketi Niliyoikata kwa Mkono Wangu

Shoga, nimekwisha. Niko kwenye teksi na mama mkwe, foleni haisogei.

Unajua tunakwenda harusi ya wifi kesho. Unajua tiketi za ndege nilizikata mwenyewe pale ofisini kwetu, kwenye uwakala wa safari. Mimi! Mimi ninayewaambia wateja kila siku, "Angalia jina la uwanja wa ndege kabla ya kulipa."

Basi tumetua, nikamwambia mama tupumzike, ndege ya pili iko mbali bado. Tukakaa saa nzima na nusu, viatu tumevua. Kwenda kuuliza geti, dada wa kaunta ananiambia, "Ndege yenu hairuki hapa. Inaruka uwanja ule mwingine, upande wa pili wa jiji."

Upande wa pili wa jiji, shoga!

Mama akauliza, "Nani katukatia tiketi hizi?" Na mimi, kwa mdomo huu, nikajibu, "Wakala mmoja tu, mama. Mzembe kweli."

Mzembe kweli! Nimejisema mwenyewe.

Sasa tumekwama njiani kwenda huko, dereva anapiga honi, mama katoa tiketi, kavaa miwani, kaona namba ya wakala pale chini. Kapiga.

Simu ya ofisi, ambayo huwa natembea nayo, ikalia ndani ya mkoba wangu.

Akautazama mkoba. Akanitazama mimi. Hakukata.

"Pokea, mwanangu," akasema. "Nataka kuongea na huyo mzembe."

Nimepokea. Shoga, hapa ninapokuandikia tumekaa bega kwa bega, ananigombeza kwa simu, na ananiita "wewe wakala".