Ngwe Aliyoachiwa Efraimu

Shule ya Wasichana,
Njombe.
16 Februari 1954

Mpendwa kaka Efraimu,

Kamwene! Pokea salamu kutoka kwetu kwenye baridi, wewe uliyekwisha kuzoea joto la Tanga. U hali gani? Dionis aliporudi kutoka mkongeni alituambia umenenepa na unavaa kofia ya nyapara. Nikamwuliza maswali mpaka akachoka: unalala wapi, nani anakupikia, bado unaimba sauti ya chini kanisani? Hakujua hata moja, ila hilo la kofia. Sisi tu wazima. Mama bado anakohoa asubuhi, lakini jembe hajaliweka chini.

Sasa nikueleze jambo lililonisumbua. Wazee wa kanisa walinitaka niandike hadithi ya watu wa hapa, isomwe siku ya mavuno. Unanijua, nilikubali kabla hawajamaliza kusema. Kumbe! Nilipokaa mezani, kichwa kikawa kitupu. Naanza, nafuta, naanza tena, nafuta. Mwalimu Linus, aliyeitaka kazi hiyo tangu mwanzo, akawa ananiuliza kila siku kama wino wangu umeganda kwa baridi. Nikishindwa atapewa yeye, na sidhani kama mwanamke ataombwa tena.

Nikajaribu dawa moja. Kila asubuhi kabla ya kengele niliandika chochote, kizuri au kibaya: ukungu, kuku wa jirani, jinsi Mama anavyoukaripia moto usiotaka kuwaka. Mwanzoni nilijionea haya. Halafu nikaona ajabu: mkono ulitangulia, akili ikaufuata nyuma. Je, na kukata mkonge ni hivyo, kwamba mwili unaamka kabla yako? Ningependa sana kujua.

Lakini hadithi yenyewe haikuja mpaka siku ya mgowe wa mkeo, wifi yangu Kristina. Tulikwenda kwa ujima kumsaidia kupalilia mahindi, naye akatupikia togwa. Desturi unaijua: kila mtu hupimiwa ngwe yake, na hakuna anayegusa ngwe ya mwenzake asipoambiwa na mwenye shamba. Wakati wa kupumzika niliwasimulia mwanzo wangu, wa mke na mume wanaofungua shamba jipya, nikakiri kwamba nimekwama hapo. Dorkasi wa Matembwe akacheka. "Basi tuigawanye kama shamba, mwalimu!"

Ikawa kila anayemaliza ngwe yake anaongeza kipande. Mmoja akaleta nguruwe mwitu, mwingine akaleta ugomvi wa mpaka. Mama akaleta mvua ya mawe, mbaya kweli, hata mimi nikaogopa. Nilikuwa nakimbia kati ya jembe na kalamu, mikono yote tope. Sijawahi kufurahi vile, kaka.

Zamu ya Kristina ilipofika, hakusita. Akamtoa mume nyumbani, akampeleka Makambako, akampandisha kwenye lori la manamba waendao mkongeni. Akaeleza hata jinsi alivyoketi, na upande aliotazama.

Dorkasi akataka kumrudisha upesi, na baiskeli na cherehani juu. Kristina akamkatiza: "Acha. Hiyo si ngwe yako." Mama naye alipofungua mdomo akaambiwa vivyo hivyo, kwa heshima. Tukamaliza kupalilia, na hadithi imesimama pale barabarani hadi leo.

Mimi sasa naandika kila siku, wala sikwami. Miisho ningeweza kutunga chungu nzima kabla ya chai. Naweza kukushusha Makambako umevaa viatu vipya, na kanisa zima likalia. Lakini hili sitaki kulitunga, nataka kulijua. Ni nini hasa kinachokushika huko? Ni ile kofia? Ni mtu? Au unaona haya kurudi mikono mitupu? Hata kama ni baya, niambie. Nikikosa mwisho, Linus atasoma yake na nitavumilia. Kutokujua ndiko kunakonishinda.

Mama anakusalimu sana, anasema usilale na nguo zenye unyevu. Dionis anakusalimu, na Dorkasi pia, ingawa bado amenuna kwa ajili ya cherehani yake.

Kristina hakutuma salamu. Nilipomwomba, alisema za kutosha zimekwisha kwenda. Ameniagiza swali moja tu, niliandike kama alivyolisema bila kulipamba: "Unakuja, au nisikungoje?"

Mungu akulinde njiani, kama utakuwa njiani.

Mdogo wako akupendaye bila kupungua,
Hulda