Upande wa Kushoto wa Sista

Jumanne, 4 Machi 2025

Bungoma tena. Miezi minne tangu mume wangu Kimeli amgonge Phelista, muuza mboga wa Naitiri, na pikapu, akamwacha barabarani. Miezi minne hakumbuki chochote. Ati kichwa kiligonga usukani.

Leo korti imesomewa ripoti ya Daktari Nyambu, yule wa mambo ya akili. Alimwonyesha Kimeli picha hamsini, kisha akazileta mbili mbili, moja ya zile hamsini, moja mpya: ipi uliiona? Mtu wa kubahatisha tu hupata karibu nusu. Kimeli amepata kumi na moja. Daktari anasema, kukosa hivyo lazima ulijue jibu ndio ulikwepe.

Nilimfuata kwa korido. Nikamwambia, si wewe unayemfunga Kimeli viatu. Akasema, pole mama. Hiyo pole ndiyo iliniudhi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimechoka. Kimeli amemuuliza mtoto tena: wewe ni wa nani? Akajibu polepole, kama mwalimu — mimi Jepkemboi, wako. Ana miaka mitano. Halafu akaja kulilia kwa leso yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikuwa nakamua. Ng'ombe wetu Sista jicho la kushoto lilikufa kabla ya ajali; ukimjia upande huo anarusha teke. Tunaojua ni sisi wa nyumba hii tu. Jepkemboi akaja na kikombe chake, upande huohuo. Kimeli ameketi kwa stuli, macho matupu ya kila siku.

"Jepkemboi, zunguka!"

Jina. Na upande.

Maziwa yalimwagika, nadhani ni mimi. Mtoto alicheka, akamkimbilia. "Mama, Baba amenikumbuka!"

Nikamuuliza Kimeli, umenidanganya hata mimi? Nikikuosha mgongo?

"Ningekuambia kesi ikiisha," akasema. "Wewe hujui kudanganya."

Kweli. Sijui.

Jumanne, 11 Machi

Korido ya korti. Wakili wetu anataka nieleze vile Kimeli alisahau hata mtoto wake. Kimeli amenong'ona, sema tu vile ulikuwa unaona.

Angenyamaza siku ile, mtoto angepigwa teke — na mimi leo ningeapa bila wasiwasi. Jepkemboi yuko kwa jirani, Agneta. Anaambia kila mtu baba amepona.

Benchi zimejaa. Phelista amevuta magongo yake, akasogea. "Kaa hapa, mama. Unaonekana umechoka."

Nimekaa. Kimeli ananitazama kutoka ng'ambo ile. Karani ameshaita jina langu mara moja —